Oili ya bei poa ni ipi hasa?

Mtu akisema kapata oili ya bei poa, mara nyingi anamaanisha kachukua kopo lenye bei ndogo kuliko yote dukani, na hapo ndo watu wanapoumia. Oili ya bei poa ni ile ambayo kwanza injini yako inaikubali, halafu ukipiga hesabu ya lita na kilomita utakazotembea nayo, ndo inakutoa pesa kidogo. Isipokubalika na injini hata ukipewa bure ni hasara.

Sasa utajuaje injini inataka nini? Fungua kitabu cha gari, au cheki mfuniko wa pale unapomiminia oili, kwenye gari nyingi imeandikwa hapohapo. Utakuta kitu kama 5W-30. Hiyo namba ya kwanza yenye W inahusu baridi, ikiwa ndogo maana yake oili inawahi kupanda ukiwasha gari injini ikiwa baridi, na ya pili ni uzito wake injini ikishachemka, wanapima kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Usibadilishe tu kwa vile nyingine ina punguzo.

Halafu kuna herufi za API, yaani taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga madaraja ya oili, na hizi ndo watu hawazisomi kabisa, inaniuma sana kwa sababu hapa ndo penye mtego mkubwa. S ni ya petroli, C ni ya dizeli. Kwenye petroli herufi inayofuata kadiri inavyosogea mbele ndo oili ni ya kisasa zaidi, SN ilianza 2010, SP ikaja 2020, na SP unaweza kuiweka kwenye gari iliyoandikiwa SN bila shida. Sasa unakuta kopo la bei chee, picha nzuri ya gari, geuza nyuma limeandikwa SA! Hiyo haina viambato vya kulinda injini, na API wenyewe wanasema haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1930. Elfu moja mia tisa thelathini jamani. Kwa hiyo kabla hujashangilia bei geuza kopo usome nyuma. Dizeli usikisie kwa alfabeti, fuata kitabu.

Ukishapata zinazokubalika ndo uanze hesabu. Gawa bei kwa lita. Kama injini inakula lita 4 na nusu, kopo la lita 4 ukiongeza na la lita 1 mara nyingi jumla inazidi bei ya kopo moja la lita 5, maana vikopo vidogo ndo ghali kwa lita. Kisha angalia kilomita. Tuseme oili ya kawaida unamwaga kila kilomita 5,000 na sinthetiki, yaani ile iliyoundwa kwa kemikali kiwandani, inafika 10,000, basi sinthetiki hata ikiwa karibu mara mbili ya bei bado umefaidi, kwa sababu filta na hela ya fundi umelipa mara moja badala ya mbili. Ila hizo 10,000 ziwe zimeruhusiwa na kitabu, na kama unaendesha kwenye vumbi au safari fupifupi za foleni, fupisha.

Punguzo likizidi sana shtuka. Oili feki zipo nyingi, angalia sili ya mfuniko kama haijaguswa, angalia namba ya toleo ipo na haijafutwa. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa mi siinunui, huwezi kujua kilichomo. Ukikutana na promosheni ya kweli nunua hata makopo mawili, oili iliyofungwa ukiiweka sehemu kavu isiyo na jua inakaa miaka kadhaa bila kuharibika. Na kopo likiisha litoboe na uchane lebo kabla ya kulitupa, maana makopo mazima ndo wanayojazia feki.