Moyo Kwenda Mbio na Hujakimbia: Maswali na Majibu Kuhusu Mawazo, Presha na Mwili

Maswali haya yameulizwa mjini Tanga. Mengi yametoka kwa akina mama wa vikundi vya Makorora na Mwang'ombe, mengine kwa wanaume wa mabaraza ya kahawa Ngamiani, ambao karibu wote huanza kwa kusema "namuulizia rafiki yangu". Nimeyafupisha na majina nimeyaondoa.

Mawazo yako kichwani. Yanafikaje moyoni mpaka presha ipande?

Kwa njia mbili, ya haraka na ya polepole.

Ya haraka ni neva. Ubongo ukihisi hatari hupeleka amri moyoni, kwenye mishipa ya damu na kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Tezi hizo humwaga adrenalini. Kufumba na kufumbua moyo unadunda, viganja vinatoa jasho, mdomo unakauka, tumbo linapunguza kazi yake, na sukari iliyohifadhiwa inatolewa kwenye damu ili misuli ipate nguvu. Mwaka 1915 Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alieleza kwamba huko ni kujiandaa kupigana au kukimbia. Mwili hauna habari kwamba kilichokushtua ni ujumbe wa simu.

Ya polepole ni homoni iitwayo kortisoli, ambayo hutoka kwenye tezi zilezile lakini huchukua dakika kadhaa kupanda. Msiiogope. Kila mtu anayo. Hufika juu kabisa kama nusu saa baada ya kuamka, na usiku wa manane huwa chini. Tatizo huanza pale inapochochewa kila siku, wiki kwa wiki. Mwaka 1936 Hans Selye, akiwa Montreal, Kanada, aliandika kuhusu panya aliowaweka kwenye baridi, waliojeruhiwa na waliochoshwa kwa mazoezi. Mateso yalikuwa tofauti, lakini walipopasuliwa walikutwa na mambo yaleyale: tezi za juu ya figo zimevimba, viungo vya kinga vimenywea, na tumbo lina vidonda.

Nimebeba magunia bandarini miaka mingi, nikirudi nalala usingizi wa pono. Sasa nyumbani kuna deni la kausha damu, ule mkopo wa riba kubwa. Sibebi kitu na silali. Kwa nini?

Kaka, hili ndilo swali lililonifanya niandike.

Mwaka 1993 watafiti wa Trier, Ujerumani, walitangaza jaribio ambalo mpaka leo linatumika duniani kote. Mtu anaitwa chumbani, anasimamishwa mbele ya watu waliokaa wakimtazama bila kutabasamu wala kutikisa kichwa. Anaambiwa ajieleze kwa nini anafaa kupewa kazi. Akimaliza, anaambiwa ahesabu kwa sauti kurudi nyuma kutoka 1022, akitoa 13 kila mara. Akikosea: "Anza upya." Kabla na baada yake anatoa mate, na mate hayo yanapimwa kortisoli. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyembebesha gunia, lakini kwa wengi kortisoli hupanda mara mbili au zaidi.

Mwaka 2004 Sally Dickerson na Margaret Kemeny walizikusanya tafiti 208 za namna hii ili waone ni nini hasa kinachoipandisha. Ugumu wa kazi peke yake haukufua dafu. Kilichopandisha zaidi, na kuchelewesha kushuka, ni mambo mawili yakikutana: kutazamwa na kuhukumiwa na watu, na kukosa la kufanya ubadilishe matokeo.

Sasa itazame siku ya rejesho. Mkusanyaji anafika asubuhi, anaketi kibarazani kwako, hasemi kwa sauti ya chini. Jirani anaanika kanga moja kwa robo saa ili asipitwe na neno. Televisheni na kabati vimeandikwa dhamana. Ukilipa leo, kesho anarudi, na riba inavyohesabiwa huielewi. Hapo fedheha ipo na njia ya kutokea haipo, yote mawili sebuleni kwako. Gunia lilikuwa zito lakini lilikuwa na mwisho, na hakuna aliyekucheka kwa kulibeba.

Hata nyani yanawakuta. Robert Sapolsky alianza mwaka 1978 kuwafuatilia nyani wa kundi la Maasai Mara, Kenya, akiwachoma sindano ya usingizi na kuwapima damu. Chakula kilikuwepo na simba hawakuwa wengi. Waliokuwa chini ya wenzao, wakionewa kila mara na hawajui kipigo kitatokea upande gani, ndio waliokuwa na kortisoli ya juu hata wakiwa wamepumzika, alimradi ngazi za utawala kundini zimetulia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwako hauhusu kupumua wala dawa. Kaeni wewe na mkeo, mwandike deni lote kwenye karatasi: mlichochukua, mlichokwisha kulipa, kilichobaki. Muulizeni mkopeshaji leseni yake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo. Ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata kuhusu mikopo ya vikundi ya halmashauri, ambayo haina riba. Na mtu mmoja wa kuaminika ajue, kaka mkubwa au shangazi. Siri ya deni hukesha na wewe.

Nikipimwa zahanati presha iko juu, binti yangu akinipima nyumbani iko sawa. Nimwamini nani?

Wote wawili, mama, ila kwanza tuangalie unavyopimwa. Umeshuka kwenye bodaboda, umepanda ngazi, umebanwa na haja ndogo, na muuguzi anakuuliza habari za wajukuu huku mkanda unajaa upepo. Kila kimoja hapo kinaweza kupandisha namba. Inavyotakiwa ni ukae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi na siyo juu ya shati. Nusu saa kabla, usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Kahawa ya Ngamiani nayo ni kahawa.

Hata ukifuata yote hayo, wapo ambao presha hupanda kwa kumwona tu mtu wa koti jeupe. Jambo hili linajulikana na limepimwa sana. Hospitali, presha huhesabiwa kuwa ya juu ikifika 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti. Nyumbani mpaka ni 135 kwa 85. Andika vipimo vya nyumbani, asubuhi na jioni kwa wiki moja, umpelekee daktari daftari lako. Usijitangazie umepona. Baadhi ya wanaopandiwa zahanati tu huishia kuwa na presha ya kweli miaka ya baadaye.

Na kuna kosa la upande wa pili, baya zaidi: "Sina mawazo siku hizi, nimeacha vidonge." Presha ya kupanda kwa kawaida haina dalili. Umri, chumvi, unene, pombe na kurithi havina habari kama umefurahi au umenuna.

Ni kweli vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Mwaka 1982 Robin Warren na Barry Marshall wa Australia walimtambua bakteria anayeishi tumboni, Helicobacter pylori. Marshall alifika mahali akamnywa bakteria huyo mwenyewe ili aaminike, akapata uvimbe wa tumbo. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobeli. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ambazo watu wa kwetu hununua dukani kama pipi kila mgongo ukiuma.

Ila mawazo hayajaachiwa huru kabisa. Baada ya tetemeko la ardhi la Kobe, Japani, mwaka 1995, vidonda vya tumbo vinavyotoa damu viliongezeka. Huenda bakteria alikuwepo siku zote na msongo ukafungua mlango. Kwako wewe maana yake ni kwamba upimwe bakteria, ukikutwa naye umalize dozi yote. Kuambiwa "punguza mawazo" halafu ukarudishwa nyumbani hakutoshi.

Shikamoo. Usiku nashtuka moyo unakwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, nahisi nakata roho. Nyumbani wanasema ni jini.

Marahaba, mwanangu. Sitabishana na wazee wako kuhusu majini. Ninachokijua ni hali hii ilivyo mwilini, na ina maelezo.

Inaitwa shambulio la hofu. Ile njia ya haraka niliyoieleza mwanzo inawaka bila hatari yoyote kuwepo. Unapumua haraka, unaitoa hewa ya kaboni dayoksaidi kupita kiasi, mishipa inayopeleka damu kichwani inasinyaa kidogo, ndipo kizunguzungu na ganzi ya midomo na vidole. Ganzi inakutisha, unapumua haraka zaidi. Mara nyingi hali hufika kilele ndani ya dakika 10 kisha hushuka yenyewe. Haiui, ingawa wakati huo hakuna atakayekushawishi.

Kabla ya kuliita hivyo, pima kwanza: upungufu wa damu, tezi ya shingo iliyozidisha kazi, sukari, malaria, na moyo wenyewe. Yote haya yanaweza kuupeleka moyo mbio. Kama wazee wanataka usomewe dua, soma, na hospitali uende pia.

Ile mashine ya kutambua uongo inafanya kazi?

Inapima mapigo ya moyo, pumzi, presha na jasho la viganja. Mwoga msema kweli hutoka jasho. Mwongo mzoefu anaweza asitoke. Mwili unasema kuna jambo, hausemi ni jambo gani.

Namuuguza mama mkwe aliyepoteza kumbukumbu. Mwaka huu mafua hayaniishi na nikijikata kidonda hakiponi upesi. Kuna uhusiano?

Unaweza kuwepo, dada. Mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake walichapisha utafiti wa watu 394 wenye afya waliokubali kutiwa puani virusi vya mafua. Waliokuwa na msongo mkubwa zaidi ndio waliougua zaidi. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser aliwachukua wanawake 13 wanaouguza ndugu waliopoteza kumbukumbu, na wengine 13 wasiouguza mtu, akawatoboa kila mmoja kidonda kidogo mkononi, kipana milimita 3.5. Kidonda cha wauguzaji kilichelewa kupona kwa siku 9 hivi. Watu 26 ni wachache, lakini tafiti zilizofuata zimeelekea hukohuko.

Hata hivyo kidonda kisichopona kinataka kipimo cha sukari kwanza, msongo baadaye. Halafu familia ikae. Mume wako ana ndugu zake. Mama huyo hakukuzaa wewe peke yako, na kwa kweli hakukuzaa kabisa. Zamu ya siku mbili kwa wiki ni tiba.

Basi nifanye nini kila siku? Sitaki maneno mengi.

Pumua polepole, kama pumzi 6 kwa dakika, ukirefusha ya kutoka, dakika 10 hivi. Pumzi ikitoka, neva kubwa inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni huupunguzia moyo kasi. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Italia alionyesha kwamba kusali rozari kwa Kilatini huifikisha pumzi kwenye mwendo huohuo bila mtu kukusudia. Wanaoleta uradi baada ya sala wapime wenyewe pumzi zao.

Tembea. Kutoka Chumbageni hadi Raskazone na kurudi kunatosha. Lala saa zilezile. Na zungumza. Zimbabwe wana akina bibi waliofunzwa kukaa na mtu mwenye mawazo kwenye benchi nje ya zahanati, wamsaidie kuchagua tatizo moja la kulishughulikia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 chini ya Dixon Chibanda ulikuta dalili za sonona zimepungua wazi miezi 6 baadaye.

Ukikosa hamu ya kula, kazi na watu kwa wiki mbili mfululizo, au ukianza kuwaza kujidhuru, hayo yamepita kiwango cha benchi. Nenda kituo cha afya au hospitali ya Bombo, na uyaseme hivyohivyo yalivyo.

Coastal Union wakicheza Mkwakwani mzee wetu hushika kifua. Tumzuie?

Hamtaweza. Lakini hofu yenu ina msingi: wakati wa Kombe la Dunia la 2006, eneo la Munich, Ujerumani, siku timu yao ilipocheza dharura za moyo zilifika mara 2.66 ya siku za kawaida, nyingi ndani ya saa mbili tangu mpira kuanza. Waliokuwa na ugonjwa wa moyo tangu awali ndio waliokuwa hatarini zaidi. Mzee apimwe moyo na presha kabla ya msimu, ameze dawa zake siku ya mechi kama siku nyingine, na sigara za kipindi cha mapumziko aziache. Kifua kikibana kwa zaidi ya dakika chache, maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, jasho jembamba likimtoka, au uso ukipinda na maneno yakagoma, mtieni kwenye gari mumpeleke Bombo wakati huohuo, hata kama ni dakika ya 89 na kuna penalti.