Neuroni za maabarani: yanayosemwa na yaliyopo

Tangu mwaka 2007, Shinya Yamanaka na wenzake wa Kyoto walipogeuza seli za ngozi ya mtu mzima kuwa seli shina, zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, neuroni za binadamu (seli za ubongo zinazopashana habari kwa umeme na kemikali) zilizooteshwa maabarani zimekuwa jambo la kawaida. Habari zake huandikwa kana kwamba ndani ya kisahani mna neuroni tupu. Mara nyingi huwa pamoja na astrositi, seli za ubongo zenye umbo la nyota ambazo hazirushi umeme kama neuroni. Kuzisahau hizo ndiko kunakozaa dhana potofu nyingi kati ya hizi zifuatazo.

“Neuroni zikishaota, zitaungana zenyewe.”

Nyuzi zitaota, ni kweli. Kupashana habari ni jambo jingine. Mwaka 1997, Frank Pfrieger na Ben Barres wa Chuo Kikuu cha Stanford walichuja neuroni za retina ya panya mpaka zikabaki peke yake, kisha wakazikuza. Ziliishi, zikatoa nyuzi, zikaweza kurusha umeme, lakini ujumbe uliovuka kutoka moja hadi nyingine ulikuwa haba. Zilipokuzwa na seli za glia, kundi ambalo astrositi zimo, mapigo yanayojianzia yenyewe kwenye maungio yaliongezeka takriban mara 70. Mwaka 2001 maabara hiyo ilihesabu maungio yenyewe, yaani sinapsi, ikakuta yameongezeka kama mara 7. Wala seli hazikulazimika kugusana. Kimiminika ambamo glia zilikuwa zimekuzwa kilitosha, maana yake glia zilikuwa zimeacha kitu ndani yake.

Hao walikuwa panya. Upande wa binadamu, Su-Chun Zhang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani, walionyesha mwaka 2007 kwamba neuroni zinazotokana na seli shina za kiinitete huanza kupashana ujumbe mapema zaidi zikilazwa pamoja na astrositi.

“Glia ni za kujaza nafasi tu.”

Rudolf Virchow alizieleza hivyo karne ya 19, akiziona kama gundi ya kushikilia neuroni, na fikra hiyo imeishi muda mrefu kupita kiasi. Ile hesabu ya glia kumi kwa kila neuroni nayo iachwe: hesabu iliyochapishwa mwaka 2009 ilikuta neuroni bilioni 86 hivi katika ubongo wa mtu, na seli nyingine zote pamoja zikikaribia idadi hiyo hiyo.

“Sinapsi ikionekana kwenye hadubini, basi inafanya kazi.”

Hii ndiyo sugu kuliko zote, kwa sababu picha zake zinavutia: upande mmoja umetiwa rangi nyekundu, wa pili kijani, na zinapokutana tunaambiwa hapo pana mawasiliano. Mwaka 2005 maabara ya Barres ilitaja protini moja inayotolewa na astrositi, trombospondini, kuwa miongoni mwa zinazozifanya neuroni zijenge sinapsi. Chini ya hadubini ya elektroni, sinapsi hizo hazikuwa na kasoro. Upande wa kutuma ulikuwa na vifuko vyake vya kemikali na ulizitoa. Upande wa kupokea ndio uliokuwa kimya, kwa kuwa juu ya utando wake hapakuwa na vipokezi vya glutamati (kemikali inayobeba ujumbe) vya aina ya AMPA vya kutosha. Ni nyumba iliyokwisha kufungwa nyaya na soketi, nguzo imesimama nje, ila mita bado.

Jibu la ukimya huo lilikuja mwaka 2012. Nicola Allen, katika maabara hiyo hiyo, alionyesha kwamba glipikani 4 na glipikani 6, ambazo pia hutolewa na astrositi, huvileta vipokezi hivyo vya AMPA juu ya utando. Kwa hiyo kujenga sinapsi na kuiamsha ni kazi mbili, zenye protini tofauti. Ndiyo maana watafiti huchomeka kwenye neuroni elektrodi nyembamba ya kioo na kupima mkondo wenyewe. Ripoti yenye picha za rangi tu, bila kipimo cha mkondo, mimi huisoma kwa tahadhari.

“Basi astrositi zikiwa nyingi, ndiyo bora.”

Hapana. Astrositi hizo hizo hutoa protini ya hevini, inayohimiza sinapsi, na pia protini ya SPARC, inayoizuia hevini. Isitoshe, mwaka 2013 ilionyeshwa kuwa humeza sinapsi. Tena zipo zinazogeuka baada ya inflamesheni ya ubongo (mwitikio wa kinga ya mwili), zikaacha kusaidia na kuanza kuua neuroni.

“Astrositi ni astrositi, hata ya panya inatosha.”

Kwa kazi nyingi inatosha, na maabara nyingi huzitumia hivyo. Lakini ya binadamu ina upana wa zaidi ya mara mbili ya ile ya panya, na matawi yake makuu ni kama mara kumi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walipandikiza seli changa za glia za binadamu katika ubongo wa panya, na panya hao wakajifunza haraka kuliko wenzao.

Tatizo kubwa zaidi linakuja kwenye magonjwa. Astrositi za panya waliobeba jeni ya SOD1 ya binadamu iliyoharibika, moja ya visababishi vya ALS, ugonjwa unaoua neuroni za misuli na kupoozesha mwili, ziliua neuroni zenye afya za kuendesha misuli kisahanini. Ukichukua neuroni za mgonjwa wa namna hiyo, ukazilaza juu ya astrositi za panya mwenye afya, unaweza kuwa umeuacha ugonjwa nje ya kisahani.