Homoni ya Parathiroidi Ikipanda, Tiba Si Kujimezea Kalsiamu

Ni imani ya muda mrefu, nayo husikika Nairobi hata kwa watu waliosoma, kwamba mgonjwa wa figo ambaye hajaanza kusafishwa damu, akipimwa na kukutwa homoni ya parathiroidi (itokayo kwenye tezi ndogo za shingoni na kudhibiti kalsiamu ya damu) iko juu, amepungukiwa kalsiamu tu, hivyo anunue vidonge na kunywa supu ya mifupa mpaka kipimo kishuke.

Kwa sehemu kubwa, homoni hiyo hupanda kwa sababu mwili unajihami: figo zinapodhoofika hushindwa kutoa fosfeti (madini yatokayo kwenye chakula) ya kutosha na kuiamilisha vitamini D, nayo homoni huongezeka ili fosfeti itoke kwenye mkojo na kalsiamu isishuke. Ndiyo maana mwongozo wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya magonjwa ya figo, wa mwaka 2017 unasema kiwango bora kwa wagonjwa hawa hakijulikani, na kwamba homoni inayozidi kupanda au kubaki juu itafutiwe kwanza chanzo: fosfeti nyingi, kalsiamu iliyopungua au upungufu wa vitamini D. Kipimo kimoja hakitoshi. Kalsitrioli, yaani vitamini D iliyokwisha kuamilishwa, nayo haitolewi kwa kila mtu. Huachiwa hatua ya 4 na ya 5 ya ugonjwa wa figo, kupanda kwa homoni kunapokuwa kukali na kunakoendelea kuzidi.

Kalsiamu ya kujinunulia inaweza kurundikana kwenye mishipa ya damu. Kuhusu chakula, fosfeti inayoongezwa viwandani kwenye soseji na soda nyeusi hufyonzwa karibu yote, ilhali ile ya maharagwe (ambayo, kwa maoni yangu, wagonjwa hukatazwa kwa haraka mno, ingawa potasiamu yake hutazamwa) hufyonzwa kwa kiasi kidogo zaidi.