HMPV: virusi vya kifua ambavyo tumeishi navyo siku zote

Je, HMPV ni ugonjwa mpya uliotoka China?

Hapana. Mwanzoni mwa 2025 taarifa za wagonjwa wengi katika hospitali za China zilisambaa kwenye simu, na watu wakaogopa kwamba corona nyingine imeingia. Virusi hivi, metapneumovirusi ya binadamu kwa jina kamili, vilitambuliwa na watafiti wa Uholanzi mwaka 2001. Walipopima damu iliyohifadhiwa tangu 1958, walikuta watu walikuwa wameshaambukizwa. Karibu kila mtoto huwa amevipata kabla ya kutimiza miaka mitano. Kwetu pia vipo: huko Kilifi, pwani ya Kenya, vimepatikana kwa watoto waliolazwa kwa nimonia.

Kama ni vya kawaida, kwa nini tuvijali?

Wengi huugua mafua, kikohozi na homa, kisha wakapona. Lakini kwa wachache vinashuka hadi kwenye mapafu. Inakadiriwa kuwa mwaka 2018 takriban watoto 16,000 wa chini ya miaka mitano walifariki duniani kwa maambukizi ya mapafu yanayohusishwa na virusi hivi. Hatari ni kubwa zaidi kwa wachanga, wazee, wenye pumu na wenye kinga dhaifu.

Nitajuaje kwamba mafua ya mwanangu yamegeuka nimonia?

Mwangalie anavyopumua, homa peke yake haitoshi kukuambia. Subiri atulie, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue nguo, tazama tumbo na kifua, kisha hesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Kifua kikipanda na kushuka mara moja, hiyo ni pumzi moja. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifikisha 60, wa miezi miwili hadi kumi na moja akifikisha 50, au wa mwaka mmoja hadi minne akifikisha 40, anapumua haraka kupita kiasi. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Akivuta hewa na sehemu ya chini ya kifua ikabonyea ndani, midomo ikawa ya bluu, akashindwa kunyonya, akapata degedege au akalegea na kusinzia mno, usisubiri kukuche.

Nimnunulie dawa ya vidonge rangi mbili?

Tafadhali usifanye hivyo. Vidonge hivyo ni antibayotiki, yaani dawa za bakteria. Haziui virusi, na dawa mahususi ya HMPV haipo. Mtoto mwenye mafua tu anahitaji kunyonyeshwa mara kwa mara, vinywaji, kupumzika na parasetamo kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini asipewe. Asali asipewe aliye chini ya mwaka mmoja.

Tunajikingaje?

Virusi huenea kwa chafya, kikohozi na mikono iliyogusa makamasi. Nawa kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Mgeni mwenye mafua asimbusu mchanga, hata akiwa bibi yake. Najua ni vigumu kumwambia, lakini mwambie. Moshi wa sigara na wa jiko usimfikie.

Chanjo ipo?

Ya HMPV bado. Ila chanjo ya nimokoka, inayotolewa kliniki bila malipo, huzuia bakteria wanaopenda kuvamia mapafu yaliyokwisha kudhoofishwa na virusi. Angalia kadi ya kliniki ya mtoto. Ikiwa kuna dozi aliyoikosa, muulize muuguzi ni lini anaweza kuipata.