MAGAZIJUTO na dhana nyingine zinazoharibu homuweki ya hesabu

Mwulize mtoto wa darasa la sita 10 − 4 + 3 ni ngapi. Usishangae akikujibu 3, tena bila kusita. Amekariri MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kwa kuwa JU imetangulia TO, anajumlisha 4 na 3 kwanza, kisha anatoa 7 kwenye 10.

Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, na hufanywa kwa mpangilio wa kusoma, kushoto kwenda kulia: 10 toa 4 ni 6, jumlisha 3 ni 9. Alama ya kutoa ni ya ile 4 peke yake, 3 haihusiki. Ajabu ni kwamba kutanguliza GA kabla ya ZI hakuna madhara: 6 × 4 ÷ 2 ni 12 hata ukianza na kugawanya. Ndiyo maana kosa hili hudumu. Neno lenyewe linampa mtoto majibu sahihi mara nyingi, kwa nini alitilie shaka?

Dhana ya pili huwa tunaifundisha wenyewe: "Namba ikivuka alama ya sawasawa, inabadilika." Namba haivuki kwenda popote. Kwenye x + 5 = 12 tunatoa 5 pande zote mbili ili mizani isilale upande mmoja, na x inabaki 7. Aliyekariri kuvuka akikutana na 3x = 12 huandika x = 12 − 3, yaani 9. Mwambie airudishe 9 kwenye swali: 3 × 9 ni 27, si 12. Hapo 3 inazidisha x, basi tunagawanya pande zote kwa 3, na x ni 4. (Neno aljebra limetoka kwenye al-jabr ya Kiarabu, kurudisha kilichovunjika mahali pake. Hata kuunga mfupa huitwa hivyo.)

Halafu kuna (x + 3)², ambayo wengi huifanya x² + 9. Hapa usibishane, chora. Mraba wenye upande x + 3 ukikatwa panapokutana x na 3 unatoa vipande vinne: mraba wa x², mraba mdogo wa 9, na mistatili miwili, kila mmoja 3x. Hiyo mistatili ndiyo iliyosahaulika. Jibu ni x² + 6x + 9. Ukiweka x = 2 utaona: 25, wakati ile fupi inatoa 13.

Mzingo sawa haumaanishi eneo sawa. Kamba ya mita 24 inazungushia bustani ya 6 kwa 6, mita za mraba 36, au ya 11 kwa 1, mita za mraba 11 tu.

Mwisho, kanuni ya Pythagoras (mraba wa upande mrefu ni sawa na jumla ya miraba ya pande mbili fupi) haitumiki kwa kila pembetatu. Jaribu pande 5, 6 na 7: 25 + 36 ni 61, lakini 7 × 7 ni 49. Inafaa kwenye pembe mraba pekee, na fundi ujenzi analijua hilo: hupima futi 3 huku, futi 4 kule, na kati ya alama hizo mbili akipata futi 5, kona ni pembe mraba. Kama swali halikuchora kijimraba kwenye kona wala kutaja nyuzi 90, kanuni hiyo iache kwanza.