Stepa ama savo? Tuelewane kwanza mota hizi zatafautiana wapi

Kila nikikutana na kijana anayeunda mashine ya CNC, yaani ya kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta, awe wa Changamwe ama Bamburi, swali ni hilo moja, bro nieke stepa ama savo? Na kabla sijajibu ashasema mwenyewe savo ndo kali. Sasa ngoja, tafauti kubwa ya hizi mota si nguvu wala si bei, tafauti ni nani anayejua meza ya mashine iko wapi saa hii.

Stepa haizunguki tu ovyo ukiipa umeme kama feni, inakwenda hatua kwa hatua. Za kawaida zina hatua 200 kwa mzunguko mmoja, yaani digrii 1.8 kila hatua. Kontrola, ndo ubongo wa mashine, inatuma palsi, yaani mipigo ya umeme, na draiva, kile kifaa kinachoilisha mota umeme, inawasha koili kwa zamu, mota inasogea hatua moja basi. Ukiifunga kwenye skruu inayosukuma meza milimita 5 kwa mzunguko, hatua moja ni milimita 0.025, na unaweza kuigawa zaidi kwa maikrostepu, ingawa maikrostepu inasaidia zaidi mwendo uwe laini, usiitegemee sana kwa vipimo. Lakini angalia hapo: kontrola imetuma palsi zake ikaandika meza imefika, na hakuna aliyekwenda kuangalia kama imefika kweli. Ni kama mtu anayepanda ngazi za gorofa na stima imepotea, yuwahesabu vidato kichwani, maadamu hajateleza atafika mlangoni kwake sawasawa kabisa, akiteleza vidato vinne bila kujua atabisha kwa jirani.

Na vinne sijavitaja bure, stepa ikizidiwa huruka hatua nne nne, kwa hiyo kwenye skruu ile ya milimita 5 kila mruko unakugharimu milimita 0.1, na mota iliyokwama inaruka mara nyingi kwa sekunde moja.

Savo yeye ana macho. Nyuma ya mota kuna enkoda inayosoma shafti iko wapi, na draiva kila wakati inalinganisha pale ilipoamriwa na pale ilipo, ikiona imebaki nyuma inasukuma ampea zaidi, ikishindwa kabisa inapiga alam na kusimama. Enkoda ya laini 2500 inakupa hesabu 10,000 kwa mzunguko, kila laini inahesabiwa mara nne. Na usiichanganye na kile kisavo cha plastiki cha ndege za kuchezea, hicho kinageuka kama nusu duara tu, jina ndo limewachanganya wengi.

Hili la kupoteza hatua mimi lilinipata kwenye ubao wa msaji, nilikuwa nachonga ua la kueka juu ya mlango kwa mtindo wa milango ya Mji wa Kale, kazi ya saa tano, kwenye saa ya nne biti ikagonga fundo la mti, mota ikanguruma sekunde moja mbili halafu ikaendelea. Kutoka hapo petali zote zikakaa milimita 3 nje ya mahala pake. Iliniuma sana. Kwenye skrini kila kitu kilikuwa sawa, savo ingesimama palepale kwa alam na ubao ungeokoka.

Basi mbona bado nawaambia watu waanze na stepa? Kwa sababu ya spidi. Stepa ina torki nyingi, yaani nguvu ya kuzungusha, ikiwa imesimama ama yaenda polepole, na kadiri unavyoongeza mizunguko torki inashuka, koili hazipati muda wa kujaa ampea kabla zamu haijapita. Sasa piga hesabu ya mashine ndogo inayokata aluminiamu: ukienda milimita 1000 kwa dakika kwenye skruu ya milimita 5, mota inazunguka mara 200 kwa dakika tu, hapo ndo stepa ipo nyumbani kwake. Savo ya wati 400 hutoa torki ya kama nyutoni-mita 1.27 mfululizo, stepa ya kawaida ya saizi inayoitwa NEMA 23 ina 2 mpaka 3 ikiwa imesimama. Ndiyo, savo inaweza kupanda karibu mara tatu kwa muda mfupi, na inashikilia torki yake mpaka mizunguko 3000 kwa dakika, lakini mizunguko 3000 kwenye skruu hiyo ni mita 15 kwa dakika, fremu yako ya nyumbani itaipeleka wapi spidi hiyo?

Wengi wanaolia stepa ni dhaifu wameilisha voliti 12 ama 24. Kuna kanuni ya mafundi ya siku nyingi, chukua kipeuo cha pili cha milihenri za mota (kipimo cha koili, huandikwa kwenye karatasi ya mota) uzidishe kwa 32, hapo umepata kikomo cha voliti. Mota ya milihenri 2.25 inatoka 48. Draiva ya DM542 inakubali mpaka 50, kwa hiyo mpe pawa saplai ya 48, na akseleresheni ishushe kidogo, utaona mashine nyingine kabisa. Mota kuwa moto usiogope, stepa inakula umeme hata ikisimama, ila draiva ukizifungia kwenye boksi lisilo na feni kwa joto letu hili la Machi unaziua mwenyewe. Na usichomoe waya wa mota draiva ikiwa imewaka, hata mara moja.

Savo inataka pia kutyuniwa, ukikosea inatetemeka na kuvuma hata ikiwa imesimama. Kuna njia ya kati, stepa yenye enkoda, inakwenda kama stepa lakini ikipoteza hatua inajirekebisha ama inapiga alam. Kama kazi zako ni ndefu na malighafi ni ghali, hiyo ndo ningenunua leo. Savo kamili mwekee mwenye fremu nzito anayetaka mwendo wa kasi kila siku.

Stima ikipotea katikati ya kazi msidhani savo inakumbuka, enkoda nyingi za bei yetu zinaanza sifuri upya, zinazokumbuka ni zile za absoluti tu. Swichi za hom, zile zinazoionyesha mashine sifuri yake iko wapi, funga kwa vyovyote.

Na ukitaka kujua stepa yako inapoteza hatua, eka dayal geji, kile kipimo cha sindano, kwenye meza ikiwa sifuri, iendeshe huku na huku mara hamsini kwa spidi yako ya kazi, irudishe sifuri usome. Sindano ikirudi palepale, mota unayo tayari.