Kinga ya manowari na fidia ya nyavu zilizokatwa

Kinga ya manowari ni kanuni ya sheria ya kimataifa inayozuia mahakama za nchi moja kusikiliza shauri dhidi ya meli ya kivita ya nchi nyingine, au kuamuru ikamatwe. Imo katika ibara ya 32 na ya 95 za Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982.

Kinga hiyo haifuti deni. Ibara ya 31 inaitwika nchi yenye bendera, yaani ile ambayo meli hupeperusha bendera yake, dhamana ya hasara iliyosababishwa na manowari yake kwa kutofuata sheria za upitaji za nchi ya pwani. Lakini mdai anayetambuliwa hapo ni nchi hiyo ya pwani, si mwenye nyavu.

Mwezi Novemba 2024, nyambizi ya Marekani, USS Virginia, ilipita juu ya nyavu za mvuvi karibu na Tromsø, kaskazini mwa Norwei, ikaziburuta na kuziharibu. Nchi hizo mbili ni washirika katika NATO, na mkataba wa NATO wa 1951 kuhusu majeshi yaliyo ugenini una utaratibu wa fidia ulio mwepesi kwa raia: anadai kwa serikali yake mwenyewe, na kosa likiwa la jeshi geni peke yake, nchi lililotoka hubeba asilimia 75 ya malipo na mwenyeji asilimia 25. Hata hivyo, ibara ya 8 inayatoa nje madai yatokanayo na uendeshaji wa meli, isipokuwa ya kifo au majeraha. Kwa hiyo lori la jeshi likibomoa ukuta wa ghala la samaki, njia hiyo ipo. Nyambizi ikikata nyavu, haipo. Kwangu mimi huu ni upungufu mzito, kwa kuwa unamwacha bila mlango wa karibu yule ambaye kazi yake yote iko majini.

Kinachobaki ni kupeleka dai kwa jeshi lenyewe la majini, au kuiomba serikali ilibebe kidiplomasia. Katika njia ya kwanza, anayedaiwa ndiye anayepima ushahidi, kwa hiyo mvuvi huhitaji kumbukumbu ya mahali na saa alipotega, picha za kamba zilizokatika, na jina la meli. Bei ya nyavu huthibitishwa kwa risiti. Ubishi mkubwa huwa juu ya siku ambazo chombo kimelala bandarini kikisubiri nyavu mpya, na hizo huweza kukadiriwa tu ikiwa mvuvi ametunza hesabu za mavuno ya misimu iliyotangulia.